Mbona Wimbo Unacheza Lakini Hausikiki?

Swali hili huulizwa karibu kwa maneno yale yale popote penye kompyuta inayoendeshwa na Linux. Mstari wa wimbo unasonga, dakika zinahesabika, jina la msanii limeandikwa vizuri juu, lakini spika hazitoi hata mlio. Anayeuliza mara nyingi amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: pleya imeharibika. Pleya ni programu ya kuchezea muziki na video, kama VLC yenye alama ya koni ya barabarani, au Rhythmbox ambayo imekuwa ikija pamoja na matoleo mengi ya Ubuntu. Basi mtu anaiondoa pleya na kuiweka upya. Ikikataa, anaweka ya pili, kisha ya tatu, na mwisho anatafuta fundi wa kumfutia kompyuta yote na kuipiga upya. Hoja ya sura hii ni kwamba pleya hulaumiwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, wakati kosa kwa kawaida liko kwingine. Na kwamba mkosaji hupatikana upesi zaidi ukianza kuuliza katikati ya njia, badala ya kuanza pale macho yanapotazama.

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kompyuta nzima kama Windows inavyofanya, ila hii hutolewa bure na yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuibadili na kuigawa. Husambazwa kwa matoleo yenye majina mbalimbali: Debian, Fedora, Mint, Ubuntu. Hilo la mwisho halihitaji mkalimani kule Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa sababu katika lugha ya huko obuntu ni utu ule ule. Mwasisi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alilitoa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na hadi mwaka 2011 kampuni yake ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo kwa aliyeomba. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kupitia mradi ulioitwa Kilinux. Kwa hiyo Linux si mgeni wa juzi katika nchi hizi. Kilichobaki kigeni kwa wengi ni namna inavyoishughulikia sauti.

Kwa msomaji wa Kimuli, Nkwenda au Kaisho, katika ardhi ya Karagwe ya zamani ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, kosa la utambuzi lina bei. Faili la kuweka Ubuntu 24.04 peke yake linazidi gigabaiti 5, na hizo zinalipwa kwa bando la simu. Fundi anayeifahamu Linux huenda yuko Kayanga au Bukoba, na nauli haiulizi kama ulichopeleka kilikuwa kweli kibovu. Jaribio lisilogharimu kitu lazima litangulie lile linalogharimu, na kwa bahati nzuri majaribio yote muhimu ya sauti hufanyika bila intaneti kabisa.

Safari ya gunia

Njia ya sauti ndani ya kompyuta inafanana sana na njia ya kahawa ya Karagwe na Kyerwa. Mkulima anavuna na kuanika, anapeleka gunia chama cha msingi, linapimwa na kuandikiwa stakabadhi, linaingia katika mikono ya chama kikuu cha ushirika KDCU, kisha mnadani. Fedha isipofika, hakuna mkulima anayekwenda kung'oa mibuni. Anauliza: gunia lilipimwa? Stakabadhi ipo? Lori liliondoka? Lakini mtu huyo huyo, wimbo usiposikika, anang'oa pleya. Anang'oa mibuni.

Tuifuate safari yenyewe. Mwanzo ni faili. Sauti ndani ya kompyuta ni mlolongo wa namba. CD ya muziki huhifadhi namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila sikio, na kila namba huchukua baiti 2, jumla baiti 176,400 kwa sekunde. Dakika moja inapita megabaiti 10. Ndiyo maana nyimbo hubanwa: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huishusha dakika hiyo hadi chini kidogo ya megabaiti 1. Kanuni ya kubana na kukunjua inaitwa kodeki. Pleya huichukua kodeki, huikunjua sauti, halafu huikabidhi kwa seva ya sauti. Seva ya sauti ni programu iliyojificha nyuma ya pazia, inayopokea sauti kutoka programu zote, kuzichanganya, na kuamua zitokee mlango gani. Kutoka hapo sauti inaingia kwenye kiini cha Linux, ambako draiva, programu ndogo inayojua lugha ya kifaa fulani, huipeleka kwenye kadi ya sauti. Kadi inazigeuza namba kuwa umeme. Umeme unapita kwenye waya hadi kwenye spika au sabufa; kwa Bluetooth, namba zenyewe hurushwa hewani bila kupita kwenye kadi, na spika ndiyo inayozigeuza.

Hivyo ndivyo vituo vinane, na ni vizuri viwe pamoja mbele ya macho:

- faili
- kodeki
- pleya
- seva ya sauti
- draiva ndani ya kiini
- kadi ya sauti
- waya au Bluetooth
- spika, au sabufa

Seva ya sauti inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo kituo ambacho wengi hawajui kuwa kipo. Zamani Linux haikuwa nayo kwa maana ya leo. Programu iliyotangulia kuishika kadi ya sauti iliweza kuifungia ndani, na nyingine zote zikabaki bubu mpaka ya kwanza ifungwe. Mwaka 2004 Mjerumani Lennart Poettering alianza kuandika seva ambayo baadaye iliitwa PulseAudio. Fedora iliifanya ya kawaida mwaka 2007 na Ubuntu mwaka 2008. Ilichukiwa sana miaka ile ya kwanza, na kwa haki kiasi, kwani ilifichua kasoro za draiva nyingi ambazo hapo awali hazikuonekana. Kisha Wim Taymans akaja na PipeWire, ambayo ndiyo seva ya kawaida kwenye Fedora tangu 2021 na kwenye Ubuntu tangu toleo la Oktoba 2022. Asilimia kubwa ya ushauri wa zamani unaopitishwa mkono kwa mkono uliandikwa kwa ajili ya PulseAudio, na ndiyo sababu unakuta mtu anafuata maelekezo neno kwa neno na hayaleti chochote. Kabla ya kufuata ushauri wowote, andika `pactl info` kwenye dirisha la amri, yaani lile dirisha la kuandikia maagizo kwa kibodi, na usome mstari wa jina la seva. Ukikuta neno PipeWire, ushauri wa mwaka 2010 uuache upumzike.

Swali la kwanza liulizwe katikati

Ukiwa na vituo vinane na ukaanza na cha kwanza, huenda ukauliza maswali saba kabla ya kumpata mkosaji. Ukianza katikati, kila jibu linafuta nusu ya washukiwa: nane wanabaki wanne, wanne wanabaki wawili, wawili wanabaki mmoja. Maswali matatu. Hesabu hii haina uhusiano na ujuzi wa kompyuta. Ni ile ile inayomfanya mkulima mwerevu akaulizie kwanza chama cha msingi kama gunia lilipimwa: stakabadhi ikiwepo, shamba, anga na mwanika kahawa wote hawana hatia.

Katikati ya njia yetu ni seva ya sauti, na jaribio lake liko tayari ndani ya mipangilio ya sauti ya karibu kila toleo la Linux: kitufe cha kujaribu spika, kinachotoa sauti ya mtu au mlio, kushoto kisha kulia. Anayependa amri anaweza kuandika `speaker-test -c 2 -t wav`, kisha akasimamisha kwa Ctrl na C. Sauti hii haipiti kwenye faili lako, haipiti kwenye pleya yako. Ukiisikia, basi kuanzia seva kushuka hadi spika kuko salama, na kosa liko juu. Usipoisikia, faili na pleya hazina kesi ya kujibu, hata ukizifuta mara kumi.

Kuna kosa moja ambalo hukaa mpakani na linastahili kutajwa hapa. Seva hukumbuka kiwango cha sauti cha kila programu peke yake. Inawezekana mlio wa majaribio ukasikika vizuri, video kwenye kivinjari ikasikika, na VLC ikawa bubu, kwa sababu siku moja kitelezi cha VLC ndani ya seva kilishushwa hadi sifuri au kilinyamazishwa, na seva imelihifadhi agizo hilo kwa uaminifu wa karani. Programu iitwayo pavucontrol huonyesha vitelezi hivi kimoja kimoja, lakini ni lazima wimbo uwe unacheza wakati huo, la sivyo pleya haionekani kwenye orodha.

Kwa nini kuweka upya huponya mara chache

Hapa ndipo ushahidi dhidi ya desturi ya kuweka upya unapokuwa mzito. Linux hutenganisha programu na mazoea ya mtumiaji. Programu hukaa kwenye folda za mfumo. Mapendeleo yako hukaa kwenye folda yako ya nyumbani, ndani ya folda zilizofichwa ambazo majina yake huanza na nukta. VLC huweka yake kwenye `.config/vlc`. PulseAudio huweka kumbukumbu zake kwenye `.config/pulse`. WirePlumber, msimamizi anayeamua milango ndani ya PipeWire, huziweka kwenye `.local/state/wireplumber`. Ukiiondoa VLC kwa njia ya kawaida, folda ya nyumbani haiguswi. Umefanya kazi nusu saa, umemaliza bando, na faili lenye kosa limebaki pale pale likisubiri VLC mpya ilisome. Dawa ya kweli ni ndogo mno: funga VLC, badilisha jina la folda `.config/vlc` liwe lolote, kisha uifungue tena. Itajitengenezea mipangilio mipya. Kama hali haikubadilika, rudisha jina la zamani na hujapoteza kitu.

Msomaji mwenye uzoefu atapinga: mbona watu wengi wameweka upya na sauti ikarudi? Ni kweli, imetokea. Lakini tuangalie kilichofanyika. Aliyeweka upya pleya au mfumo, karibu kila mara aliwasha upya kompyuta. Kuwasha upya huizindua seva ya sauti, huipakia draiva upya, huuliza upya kadi ipi ipo na mlango gani una waya. Jogoo aliwika na jua likachomoza. Sifa akapewa jogoo. Ukitaka kujua ni kipi kilichoponya, fanya kidogo kwanza. Anza kwa kuizindua seva peke yake: `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`, au kwa asiyependa amri, toka kwenye akaunti yako na uingie tena. Sauti ikirudi, umepata mkosaji kwa sekunde chache na pleya haikuguswa.

Kwa kifupi mpaka hapa: mlio wa majaribio hugawa njia sehemu mbili, kitelezi cha programu huangaliwa wimbo ukiwa unacheza, mipangilio hubadilishwa jina kabla programu haijafutwa, seva huzinduliwa kabla mfumo haujapigwa upya.

Upande wa juu: faili na kodeki

Kosa likiwa juu ya seva, maswali ni mawili tu. Faili jingine linasikika? Pleya nyingine inalicheza faili hili hili? Kwa kawaida VLC hubeba kodeki zake yenyewe, wakati Rhythmbox hutegemea kodeki zilizowekwa kwenye mfumo. Kwa hiyo VLC ikicheza na Rhythmbox ikagoma, mshukiwa ni kodeki. Ukosefu huu ulikuwa na sababu ya kisheria: MP3 ililindwa na hataza, na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyokuwa ikisimamia leseni, ilimaliza mpango huo Aprili 2017. Kwa miaka mingi kabla ya hapo Fedora, kwa mfano, ilikuja bila uwezo wa kucheza MP3 hata moja. Kwenye Ubuntu, kisanduku cha programu za watu wengine kinachotokea wakati wa kuweka mfumo ndicho kinacholeta kodeki hizi. Aliyekiruka atalazimika kuongeza kifurushi kiitwacho `ubuntu-restricted-extras`.

Upande wa chini: magendo, vumbi na mzimu

Kosa likiwa chini ya seva, kuna mambo matatu yanayojirudia kuliko mengine yote.

La kwanza ni magendo. Wakazi wa mpakani Murongo wanaijua kahawa inayovuka mto Kagera ikauzwa upande wa pili: imevunwa, imebebwa, imeuzwa, ila haikupita mlango uliotarajiwa. Sauti hufanya hivyo hivyo. Kompyuta iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI mara nyingi huihamishia sauti huko, hata kama televisheni imezimwa sauti au haina spika zinazofanya kazi. Kompyuta iliyowahi kuunganishwa na spika ya Bluetooth inaweza kuirushia sauti spika iliyoko chumba cha pili, au mkobani. Kila kitu kinaonyesha sauti inatoka, na kweli inatoka. Amri ya `wpctl status` huorodhesha milango yote, na wenye nyota ndio unaotumika. Kwenye mipangilio ya kawaida ni ile orodha ya kuchagua kifaa cha kutolea sauti. Bluetooth ina hila yake nyingine: kifaa cha masikioni chenye kipaza sauti kina namna mbili za kufanya kazi, moja ya muziki na nyingine ya simu. Programu yoyote ikikifungua kipaza sauti, kifaa huhamia namna ya simu, na muziki mzuri ghafla unakuwa kama unatoka kwenye debe. Funga programu ya mazungumzo kabla ya kulaani spika.

La pili ni vumbi. Kompyuta mpakato ina kihisi kwenye tundu la pini ya sauti. Pini ikiingia, kihisi hutoa taarifa, na draiva huzinyamazisha spika za ndani ili sauti iende masikioni. Tundu likijaa vumbi, au kibati chake kikipinda, kihisi hudai pini ipo wakati haipo. Spika zinanyamaza, kifaa cha masikioni kinasikika vizuri, na mwenye kompyuta anaapa kwamba spika zimeungua. Ingiza na uchomoe pini mara kadhaa kabla ya kumwita fundi mwenye bisibisi. Isipotosha, andika `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, kisha utembee kwa mishale. Kila mnara wenye herufi MM chini yake umenyamazishwa. Kitufe cha M kinaufungua na herufi zinageuka 00. Kwenye kadi nyingi kuna pia kipengele kiitwacho Auto-Mute Mode: ukikizima, draiva huacha kumsikiliza kihisi mwongo. ALSA, ambayo jina la programu hii limetokana nayo, ni ule mkusanyiko wa draiva za sauti ndani ya kiini cha Linux, ulioingizwa humo mwaka 2002.

La tatu ni mzimu. Ukifungua mipangilio ya sauti ukakuta mlango mmoja tu uitwao Dummy Output, maana yake seva haikuona kadi yoyote, ikajitengenezea mlango wa bandia ili programu zisigome. Pleya inacheza, mstari unasonga, sauti inamwagwa shimoni. Hapa kweli kuna tatizo la chini kabisa. Amri ya `aplay -l` huonyesha kadi ambazo kiini kinaziona. Orodha ikiwa tupu, draiva au fimwea haipo. Fimwea ni programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe ili kiamke. Mpakato nyingi zenye chipu za Intel za kuanzia karibu mwaka 2019 zinahitaji fimwea maalumu ya sauti, na Debian haikuwa ikiiweka kwenye diski yake rasmi kwa sababu za kanuni za uhuru wa programu, mpaka toleo la 12 la Juni 2023. Aliyeweka Debian ya zamani kwenye mashine mpya alipata kompyuta bubu bila kukosea hata hatua moja. Kifurushi kinachokosekana huko kinaitwa `firmware-sof-signed`. Angalia kwamba hata katika hali hii mbaya kuliko zote, kuweka pleya upya hakumsaidii mtu.

"Lakini Windows haisumbui hivi"

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na si vizuri kulipuuza. Mtengenezaji wa kompyuta huijaribu mashine yake na Windows kabla haijatoka kiwandani, na huweka draiva zote tayari. Kwa Linux wachache hufanya hivyo. Mpakato mpya zenye spika zinazotegemea vikuza sauti vyake maalumu zimewahi kukaa miezi mingi bila mlio mpaka kiini kipya kilipotoka. Asiyetaka usumbufu huo ana haki ya kubaki alipo, au achague mashine ya miaka michache nyuma, ambayo Linux imekwisha kuijua; mitumba mingi inayoletwa nchini iko kwenye kundi hilo.

Hata hivyo linganisho lenyewe si la haki. Windows inayosifiwa ni ile iliyowekwa na kiwanda. Linux inayolaumiwa ni ile iliyowekwa na binamu usiku mmoja. Chukua mashine hiyo hiyo, ipige Windows tupu bila diski ya draiva, na alama ya spika yenye msalaba mwekundu inaweza kutokea pale pale kwenye kona. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye Linux kila kituo cha njia kinaweza kuulizwa, na kinajibu. Kwa mtu aliye mbali na fundi, kompyuta inayojibu ina thamani kuliko kompyuta inayonyamaza kwa heshima.

Pingamizi la pili ni la amri: mtu wa kawaida hawezi kuandika mistari hii. Lakini ukihesabu tena, mlio wa majaribio uko kwenye mipangilio, faili jingine halihitaji amri, pleya nyingine haihitaji, kuchomoa waya hakuhitaji, kutoka na kuingia tena hakuhitaji. Amri zinakuja mwisho, kwa wachache waliobaki. Hata kwa anayempelekea fundi, kuna tofauti kubwa kati ya kusema "haina sauti" na kusema "mlio wa majaribio hausikiki kwenye spika lakini masikioni unasikika". La pili linamwelekeza fundi kwenye tundu la pini kabla hajaomba nywila.

Wanaozungumza bila sauti, na mwimbaji aliyetoweka

Kuna aina ya kosa linalodanganya zaidi ya ukimya, nalo ni sauti inayotoka nusu. Kwenye kibanda umiza, filamu inaonyeshwa: milipuko inasikika, muziki unasikika, lakini waigizaji wanachezesha midomo tu. Watazamaji wanasema nakala ni mbovu. Filamu nyingi hubeba sauti ya mikondo sita, iliyokusudiwa spika sita, na mazungumzo huwekwa kwenye mkondo wa katikati. Kompyuta ikiwa imepangwa kana kwamba ina spika sita wakati ina mbili, mkondo wa katikati hupelekwa kwa spika ambayo haipo. Kwenye pavucontrol, ukurasa wa mwisho, badilisha mpangilio wa kadi kuwa wa spika mbili, na seva itauchanganya mkondo wa katikati ndani ya hizo mbili.

Mvumo nao ni wa kundi hili. Ukisikika mfululizo chini ya muziki, chomoa chaja na uendelee kwa betri. Ukikoma, chanzo ni umeme wa chaja, ardhi ya nyaya, au kigeuza umeme cha sola, na hakuna pleya duniani itakayouondoa.

Ila kisa kinachofundisha zaidi ni cha mwimbaji aliyetoweka. Wimbo wa Bongo Fleva unapigwa: ngoma zipo, kinanda kipo na mwangwi wake, mwimbaji hayupo, au anasikika kwa mbali kama aliye ndani ya pipa. Pini ya kawaida ya sauti ina njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya tatu ya pamoja inayourudisha umeme. Njia ya pamoja ikikatika, umeme unalazimika kupita kutoka spika moja kwenda nyingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji hurekodiwa katikati, sawasawa pande zote mbili. Sawa ukitoa sawa ni sifuri. Mashine za karaoke hutumia hila hii hii kumwondoa mwimbaji kwa makusudi.

Sasa weka, kwa kompyuta ile ile na waya ule ule, wimbo wa zamani wa enanga, ile ala ya asili ya nyuzi, uliorekodiwa kwa maikrofoni moja. Kushoto na kulia ni kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo wimbo wote unajifuta, mwimbaji na nyuzi zake, na kinachobaki ni ukimya au mchakacho hafifu. Mwenye kompyuta anaona nyimbo mpya zinacheza nusu na za zamani hazichezi kabisa, na anahitimisha kwamba mafaili ya zamani yameoza. Lakini wimbo ule wa enanga ukipitishwa kwenye spika za ndani ya mpakato, unasikika wote. Ukiirudisha pini ya sabufa na kuivuta nje kidogo sana, kama upana wa ukucha, mwimbaji wa Bongo Fleva naye anarudi kwa mnong'ono, kisha anatoweka tena ukiisukuma ndani. Faili ni zima, pleya ni nzima, seva na kadi ni nzima. Uzi mmoja wa shaba umekatika ndani ya mpira wa waya, sentimita mbili kutoka kwenye pini, pale unapokunjwa kila siku.